Nilishika Waya wa Moto, Nikasema Baridi

Dum. Dum. Du...

Hapo ndipo ilipokatika. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo, au nasubiri chenji dukani, naisikia ile besi inavyokatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Na baada yake makofi mawili ya wale akina mama ambao walikuwa hawajajua kwamba muziki umekufa. Pa, pa. Halafu kimya.

Msitafute mchawi. Ni mie! Waya niliushika kwa kiganja changu mwenyewe, nikasema uongo wa neno moja, na neno hilo limemuunguza mzee wa watu mkono, limemwondoa kazini binti aliyekuwa ananiita dada.

Jina langu sisemi, naona aibu. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa, na pale ninapoonekana mbaya, jueni nilikuwa mbaya kweli.

Mie ni fundi wa muziki wa magari, huku Temeke. Ndiyo, msichana! Shule niliishia kidato cha pili. Lakini tangu mdogo, likipita gari lenye besi kubwa mpaka bati la kwetu linatetemeka, wenzangu wanaziba masikio, mie natoka mbio kulichungulia. Nilikuwa nawaza, ule mtetemo nani kautia mle ndani? Kautiaje?

Nikaja kupata kazi kwa Kaka Mrisho, ana gereji ya muziki Tandika. Banda la mabati, meza mbili, rafu ya maspika, basi. Nilianza kwa kufagia, nikaja kumenya waya, nikaja kufunga spika za milangoni. Mie ni mtu wa kucheka na kuota. Nikishika ufagio tu, kichwani nishajenga duka langu: sakafu ya vigae, feni, mafundi wote wasichana, ovaroli za zambarau, mteja akiingia anapewa soda ya baridi kwanza ndiyo aulizwe shida yake. Kaka Mrisho anapiga kelele, "We mtoto, ufagio umesimama!" Nacheka, naendelea kufagia, naendelea kuota.

Zuhura nilimleta mie mwenyewe. Alikuwa anapita na beseni la kashata, kila akifika kwetu anasimama, hauzi, anatazama tu mikono ya mafundi. Nikamwambia Kaka Mrisho, huyu mtoto ana jicho, mchukue. Akamchukua.

Nilimfundisha kila nilichokuwa nacho. Kumenya waya bila kukata nyuzi za ndani. Kukwangua rangi ya bodi mpaka chuma kionekane cheupe, ndiyo ufunge ule waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye bodi, maana ukiufunga juu ya rangi muziki utakoroma. Kusoma fyuzi za amplifaya ili usidanganywe na maandishi ya boksi. Nilifurahi, wallahi! Nilijiona nimepata mdogo wangu.

Miezi minane tu. Ndiyo aliyotumia kunipita.

Mie nikifunga waya, unaonekana umefungwa. Yeye akifunga, utadhani gari limezaliwa nao. Halafu mnyamavu, hana majigambo, hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angekuwa na maringo ningepata cha kumsema.

Kaka Mrisho alikuwa na plaizi yake ya mpini mwekundu. Haigusi mtu! Mie miaka miwili pale sijawahi kuishika hata kwa kumpelekea. Asubuhi moja naingia, naiona mkononi kwa Zuhura.

"Kakupa?"

"Kaniazima tu, dada."

Kaniazima tu! Nikatabasamu. Tumboni nilihisi kama nimemeza pilipili kichaa nzima nzima.

Kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuhesabu. Leo kasifiwa mara ngapi. Kati yetu kaitwa nani kwanza. Nikawa naona wivu hadi kwa vitu vya kipuuzi: kope zake, anavyokunywa chai bila mlio, mama ntilie anavyokumbuka kwamba yeye hapendi bamia na mie hanikumbuki napenda nini. Na yeye masikini hajui lolote! Akinunua chapati anaikata nusu, "Dada, yako hii." Naipokea. Naila pamoja na kijicho changu.

Sasa siku moja Kaka Mrisho akatuita wote.

"Nafungua banda la pili Segerea. Nitakayemwona kafunga gari zima peke yake, kuanzia kuchagua amplifaya mpaka kuwasha, na gari likatoka bila kurudi, ndiye nitakayempa lile banda alisimamie."

Jamani, nililala nikiwa Segerea! Nilishaanza kuchagua rangi ya ukuta.

Wiki ile ile akaja Baba Upendo. Ni mtu wa Songea, mpole sana, ana pikapu nyeupe ya matangazo. Hiyo ndiyo shamba lake na ofisi yake: anazunguka nayo mitaani kutangaza minada, mikutano na maduka mapya. Muziki wake ulikuwa umechoka, na Jumamosi binti yake Upendo alikuwa na sendoff, ile sherehe ya kuagwa kwao kabla ya ndoa. Alitaka pikapu ya baba ndiyo iongoze msafara wa bibi harusi. Alikuja kakumbatia boksi la amplifaya kubwa lenye picha ya simba.

"Watoto wangu, nimepata mnyama. Wati elfu tano!"

Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu. Zuhura akaniwahi.

"Shikamoo Baba. Naomba niione." Akaigeuza ubavuni. "Hii ina fyuzi mbili za thelathini. Jumla sitini. Zidisha kwa umeme wa gari, kumi na mbili, unapata mia saba na ishirini. Hapo nyingine inapotea kwa joto. Ikikupa mia nne mshukuru Mungu."

"Sasa hizo elfu tano ziko wapi, binti yangu?"

"Zimebaki kwenye boksi, Baba."

Banda zima likacheka. Mzee mwenyewe kacheka mpaka kashika kiuno. Kaka Mrisho anamtazama Zuhura kama mzazi anayetazama mtoto akisoma risala. Na ile hesabu ni yangu! Mie ndiye niliyemkalisha juu ya tairi nikamwonyesha, fyuzi mara kumi na mbili! Nikageuka, nikaenda nyuma ya banda kujifanya natafuta kamba.

Nikiwa kule nyuma nikawasikia kwa vipande vipande wanachagua amplifaya nyingine, ndogo lakini ya kweli. Nikamsikia Zuhura anamkwangulia mzee waya kwa wembe, kumwonyesha kwamba wa bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na huu ni shaba mpaka ndani. Niliporudi, Kaka Mrisho keshaamua.

"Kazi hii anafunga Zuhura. Peke yake."

"Na mie, Kaka?"

"Wewe utashika."

Hapo lazima niwaeleze. Kwetu kuna kanuni ya kushika. Gari halitoki mpaka fundi wa pili, sio yule aliyefunga, aweke kiganja kwenye waya mkubwa unaotoka kwenye betri na kwenye kikopo cha plastiki kinachobeba fyuzi, muziki ukiwa juu, kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Kisha anasema moja kati ya mawili, moto au baridi. Ukisema moto, kazi inafunguliwa. Ukisema baridi, gari linakwenda. Kaka Mrisho ana mita nzuri tu, lakini hutuambia fyuzi inakatika umeme ukizidi, haikatiki kwa sababu skrubu imelegea. Skrubu iliyolegea inachemka kimya kimya. Inajulikana kwa mkono wa mtu.

Ijumaa mchana Zuhura akamaliza. Jamani, ile kazi! Nyaya zimelala kama nywele zilizochanwa. Sabufa, zile spika za besi, ziko kwenye kabati lake, spika za juu zinatazama pande nne. Baba Upendo akapanda kwenye usukani, Zuhura nyuma na amplifaya, mie mbele kwenye boneti. Kaka Mrisho kasimama pembeni kakunja mikono.

Singeli ikaanza. Kuku wa jirani wote wakatawanyika.

Nikaushika waya. Uko sawa. Nikasogeza mkono hadi kwenye kikopo cha fyuzi. Vuguvugu. Wimbo ukafika katikati, kikawa cha moto. Wimbo ukakaribia mwisho, nikashindwa kukishika, nikakiachia, nikakigusa tena kwa ncha ya kidole. Nilijua ni nini. Skrubu moja haijakazwa vizuri, nyuzi nyingine zimebaki nje. Kosa dogo. Zuhura alikuwa na haraka ya kumaliza kabla mzee hajaenda kuchukua viti vya sherehe. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu! Nusu dakika, tumemaliza!

Wimbo ukaisha.

"Vipi?" Kaka Mrisho kauliza. "Moto au baridi?"

Zuhura kachungulia kutoka nyuma, uso wote meno. "Dada, nipe majibu!"

Nikamtazama. Nikaiona Segerea. Nikamwona yeye kwenye lile banda langu la vigae, anafungua mlango kwa funguo.

"Baridi," nikasema.

Mnaonisoma, nataka mnielewe. Sikutaka mtu aungue. Nilifikiri kikopo kitayeyuka, muziki utazima, gari litarudi Jumatatu, Zuhura ataonekana bado mbichi. Nilitaka aaibike kidogo. Kidogo tu! Nani aliniambia aibu inapimika kwa kijiko?

Jumamosi tulialikwa wote gereji nzima. Msafara ulianzia Yombo, saa tisa alasiri, jua kali. Pikapu mbele, akina mama nyuma yake na vitenge vya sare, vumbi juu, gari la bibi harusi linafuata polepole. Baba Upendo kavaa suti ya kaki, anaendesha kichwa nje ya dirisha, anapungia watu ambao hata hawajui. Zuhura anacheza mbele ya sabufa zake, watu wanamtuza kwa kushangilia, "Fundi! Fundi! Fundi!" Na mie humo humo katikati nacheza, naona wivu.

Dum. Dum. Du...

Pa, pa.

Kimya.

Halafu harufu. Ile harufu ya plastiki ikiungua ambayo fundi yeyote anaijua. Moshi mweusi ukatoka pembeni ya boneti. Baba Upendo akaruka nje, akafungua boneti, moto umeshapanda kwenye waya pale karibu na betri. Watu wanapiga kelele, "Mchanga! Mwageni mchanga!" Yeye hakusubiri mchanga. Hiyo pikapu ndiyo inayowalisha. Aliingiza mkono wa kulia mle ndani, akaushika waya unaowaka, akauchomoa.

Alipotoa mkono, plastiki ilikuja nao.

Sitaelezea zaidi. Upendo kashuka kwenye gari lake na shela lake, anakimbia juu ya mawe, anamshika baba yake, na lile gauni jeupe likajaa masizi. Mzee anamwambia, "Rudi garini mwanangu, utachafuka. Rudi, sijaumia." Anatetemeka mwili mzima anasema hajaumia!

Jumatatu Kaka Mrisho alitukalisha.

"Zuhura, nani alikushikia?"

"Dada."

Akanigeukia. "Ulishika?"

"Nilishika."

"Wimbo mzima?"

"Wimbo mzima. Ilikuwa baridi."

Mara ya pili hiyo! Na kama hiyo haitoshi, Zuhura akaingilia, macho yamevimba kwa kulia: "Kaka, dada akisema ilikuwa baridi, basi ilikuwa baridi. Labda skrubu sikuikaza sawasawa, ikalegea njiani kwa mashimo. Kosa langu."

Alinitetea. Mie! Nilitazama sakafu.

Kaka Mrisho hakumfukuza kwa maneno. Alimwambia akae nyumbani kwanza mpaka atakapomwita. Zuhura alifuta plaizi ya mpini mwekundu kwa kitambaa, akaiweka mezani, akachukua kimkoba chake. Nje pale kuna kijiwe cha bodaboda, na wale vijana midomo haina breki.

"Zimamoto huyoo!"

"Sista, kiberiti umeacha? Kuna harusi Mbagala Jumamosi, tukuite?"

Wanacheka wanagonga mikono. Yeye anatembea, kainamisha kichwa. Nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema neno. Nikarudi ndani nikashika ufagio.

Siku chache baadaye Kaka Mrisho akanambia, "Basi Segerea utakwenda wewe." Niliisubiri sentensi hiyo miaka miwili. Nilijua nitaruka juu. Sikuruka. Nilikwenda kuliona hilo banda, zuri kabisa, lina hadi kivuli. Nikasimama katikati, nikajaribu kuliota duka langu, vigae, feni, soda. Halikuja. Nilijaribu tena, nikafumba na macho. Wapi! Kichwa changu ambacho hakijawahi kuninyima ndoto, siku hiyo kilininyima.

Kicheko nacho kikapotea, hadi mama yangu nyumbani akauliza, "We una nini siku hizi, umekuwa kama redio isiyo na betri?"

Wiki ya tatu akaja Baba Upendo. Mkono umefungwa bendeji mpaka juu ya kifundo.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu." Nikamnyooshea mkono kwa mazoea. Akashindwa kutoa wa kulia, wa kushoto hakutaka kunipa, ni mtu wa adabu. Akaninyooshea kiwiko nikishike. Nikakishika kile kiwiko jamani.

"Yule binti mwenzako yuko wapi? Nasikia kaondoka kwa ajili yangu. Mwambieni sina kinyongo naye. Mambo ya umeme hayo. Halafu ana adabu yule. Siku ile ulipokwenda nyuma kutafuta kamba, nikamwambia, binti una akili ya hesabu. Akanijibu, sio mie Baba, hii hesabu kanifundisha dada yangu yule."

Yule. Yaani mie.

Nilimwambia naumwa tumbo, nikatoka.

Jumapili nikaenda Pugu, anakokaa kwa shangazi yake. Nilimkuta uani anamenya viazi, shangazi anauza chipsi. Aliponiona alisimama kwa furaha.

"Dada! Umenikumbuka! Karibu, ngoja nikupe kigoda."

"Usinipe kigoda, Zuhura. Ilikuwa moto."

"Nini?"

"Siku ile. Kikopo cha fyuzi. Kilikuwa cha moto hadi nikakiachia. Nilisema baridi makusudi."

Alibaki na kisu mkononi na kiazi nusu. Kuku akaja akadonoa maganda miguuni kwake, hakumfukuza.

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini, dada?" Aliuliza kweli, hakuwa ananikejeli. "Mie nalala chini kwa watu. Nguo ya sendoff niliazima. Wivu wa nini?"

"Wa mikono yako."

Akaitazama mikono yake, imejaa wanga wa viazi. Kama anataka kucheka. Halafu akakiweka kisu chini.

"Unajua wiki tatu hizi najiuliza nini? Skrubu niliikaza au sikuikaza? Shangazi akinituma niwashe jiko la gesi naogopa. Najiona nina mkosi, nikigusa kitu kitawaka." Akakaa. "Ungesema moto tu. Ningechukua bisibisi, ningekaza, tungecheka. Hivi ungepungukiwa nini?"

Nikapiga magoti pale kwenye maganda. Nikasema nisamehe, nisamehe, nisamehe.

"Inuka, dada. Hapa uani kwa shangazi hakuna aliyenicheka. Walionicheka wako Tandika. Kaseme kule."

Akarudi kumenya viazi. Hakuninyanyulia tena macho.

Nilikwenda, kesho yake. Nilimwambia Kaka Mrisho mbele ya mafundi, kisha nikatoka hadi kijiweni kwa bodaboda, nikawaambia: yule mliyekuwa mnamwita Zimamoto, ufundi wake ulikuwa na skrubu moja tu, na mie niliiona nikanyamaza. Kama mnataka wa kumwita jina, niiteni mie. Mmoja akasema, "Duh, sista, we nyoka!" Mwingine akamwambia nyamaza. Hawakucheka. Nilitamani wacheke.

Baba Upendo nilimfuata kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, ule mkono kauweka juu ya mto. Upendo aliyekuwa mlangoni akaanza kulia. Mzee akasema, "Nenda, binti. Nikiwa tayari kuongea na wewe nitakuita." Hajaniita. Kazi ya matangazo ameanza tena, ila ule mkono unashika usukani kwa vidole viwili tu.

Segerea kapewa mtu mwingine. Mie Kaka Mrisho hakunifukuza, na wakati mwingine natamani angenifukuza. Nafagia, namenya waya. Kushika siruhusiwi. Wakati wa kushika unapofika, muziki ukiwashwa, natolewa nje kama mtoto mdogo, nasimama na kuku. Kaka Mrisho alimpigia Zuhura arudi, akakataa kwa heshima. Sasa hivi yuko gereji moja Buguruni, nilishapita nje yake nisithubutu kuingia, nasikia anasifiwa. Mie nikimpigia hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu.

Na nikisikia anasifiwa, niwe mkweli kwenu, bado kuna kitu kinanichoma hapa tumboni. Kidogo. Sijawa malaika. Ila sasa nikikisikia nakijua jina lake.

Wewe unayenisoma, una mwenzako kazini, au shuleni, au mke mwenza, au mdogo wako wa tumbo moja, ambaye Mungu kampa kitu wewe hukupewa. Wivu utakuja, hauna hodi. Uone, ulie nao chooni, umwambie hata yeye mwenyewe, "Leo nimekuonea wivu." Mtacheka. Lakini usiukabidhi kazi! Usiupe mdomo wako uusemee! Na ukiona kosa dogo la mwenzako linalohitaji nusu dakika, lirekebishe nusu dakika hiyo hiyo. Mie nusu dakika yangu imenigharimu mdogo wangu, kicheko changu na duka langu la kichwani. Na mzee wa watu imemgharimu mkono. Ogopeni jamani! Neno moja tu nililisema, hata sauti sikupaza!

Juzi alikuja kijana na gari lake jipya, ana amplifaya nzuri, ya kweli, na nyaya za shaba mita nyingi. Kazi ya kuota. Kaka Mrisho alikuwa keshamwambia kwamba sisi tumejaa mpaka wiki ijayo, kama ana haraka atafute pengine, kisha akaondoka kwenda kuswali. Kijana akaniambia ngoja ninywe chai hapo jirani nifikirie, akaliacha gari mlangoni. Banda lilikuwa tupu, niko peke yangu. Ningeweza kumfuata nimwambie nitakufungia mie nyumbani kwenu, Jumapili, hakuna atakayejua. Niliwaza hivyo, sitawadanganya.

Nikachana kipande cha boksi. Nikachora barabara ya Buguruni, nikachora sokoni, nikachora kona yenye duka la magodoro, na baada ya kona mlango wa bluu. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: ULIZIA ZUHURA. HUYO NDIYE FUNDI. Nikakitazama. Herufi za lile neno FUNDI zilikuwa hazijakolea, nikazipitishia kalamu mara ya pili, kisha nikatoka nje nikakichomeka chini ya waipa ya lile gari.